Anti wa Jikoni: Biskuti zangu za Purimu zimefunguka zote, na sahani moja haijarudi

Mwezi huu barua ni tatu tu. Si kwamba mmeandika chache, ila ya kwanza ni ndefu na jibu lake nalo limenikimbia, nashtuka nimeshakula ukurasa mzima. Na ile ya mwisho msiiruke.

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni mdada kutoka Uganda, kwetu ni kijijini nje kidogo ya Mbale, ila huu mwaka wa pili nipo Tanga, niko na mkandarasi mmoja kwenye lile bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima kuja Chongoleani, nimepanga Chuda. Kiswahili nimekijulia hapahapa kwaiyo nikichapia nivumilie. Sisi kwetu ni Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, tupo tangu mwaka 1919 enzi za Semei Kakungulu, yule jemedari wa Kiganda aliyeianzisha jamii yetu, najua wengi hapa hawajawahi kutusikia, hata mwenye nyumba wangu mwanzoni alidhani namtania.

Basi mwaka huu sikukuu yetu ya Purimu iliangukia jioni ya tarehe 2 Machi mpaka tarehe 3. Ndo ile habari ya Kitabu cha Esta, Hamani alipiga kura achague siku ya kuwamaliza Wayahudi wote kwenye ufalme wa Ahasuero, Esta na Mordekai wakamgeuzia kibao, akaishia kutundikwa kwenye mti uleule aliomwandalia Mordekai. Hiyo kura ndo iliitwa puri, jina la sikukuu limetoka hapo. Tunasoma hadithi yote na kila likitajwa jina la Hamani watoto wanapiga makopo na kuzomea lisisikike, tunakula, tunapelekeana vyakula, tunawapa maskini. Jjajja wangu, yaani bibi, akifika kwenye jina la Hamani anaongezea na la Idi Amin, maana Amin alitupiga marufuku kusali kwa dini yetu, na Kampala ilipomtoka mikononi tarehe 11 Aprili 1979 ulikuwa ndo usiku wa kuingia Pasaka yetu. Kwaiyo mpaka leo bibi akisikia niko Tanzania anasema hao ndo waliotufungulia mlango, wapikie.

Nikasema haya, nitawapikia. Biskuti za Purimu zinaitwa hamantasheni, zina pembe tatu na katikati jamu inachungulia. Shida mi ni vegani, mwaka wa tatu sasa, sili nyama wala samaki wala mayai wala maziwa wala asali. Resipi nikaitoa kwenye simu, palipoandikwa mayai mawili nikaweka ndizi mbivu mbili, palipoandikwa siagi nikanunua kopo dukani muuzaji kaniapia kabisa kwamba ni ya mimea tupu, nafika nyumbani nasoma nyuma yale maandishi ya sisimizi naona maziwa ya unga, nikaigawa, nikaweka mafuta ya nazi. Ndani nikatia jamu ya nanasi. Nina kaoveni kadogo ka umeme. Anti, nilikaa chini mbele ya kile kioo nazitazama, dakika ya tano zikaanza kulegea, pembe ya kwanza ikaachia, ya pili ikaachia, jamu ikamwagika ikaanza kuungua kwenye trei, mwisho zimelala duara kama vichapati vyenye kidonda katikati. Zilikuwa ishirini na nne, zilizobaki na pembe nne. Nikalia kidogo.

Nikazipeleka hivohivo kwa majirani watatu, maana tangu mfungo uanze wao kila jioni wananigongea na sahani ya futari na mi hata sifungi. Sahani mbili zimerudi, moja na vitumbua, nyingine na maandazi. Ya tatu mpaka Idi imepita haijarudi, na yule mama akiniona anainama anaingia ndani. Nahisi walizitupa na nimemkosea. Naomba unambie nimeharibu wapi, niweke nini badala ya mayai, na hizo mbegu za popi na jamu ya plamu zilizoandikwa kwenye resipi nitazipata wapi hapa Tanga, na kuhusu yule mama nifanyeje.

Mgeni wa Chuda

JIBU

Marahaba mwanangu, karibu sana. Huu ndo mji wa waja leo waondoka leo, we mwaka wa pili umeng'ang'ania basi ushakuwa wetu. Na bibi yako nipelekee salamu, mwambie tumepika pamoja. Suala la jirani naliweka kiporo, nitalirudia chini kabisa.

Nianze na ndizi, maana ndo iliyokumaliza. Yai likipata moto linaganda, ndizi ikipata moto inalegea. Mayai mawili ni kama gramu mia, ndizi mbili kubwa zinapita mara mbili ya hapo, na ni maji na sukari tupu, kwaiyo hukubadilisha mayai, uliongeza uji kwenye unga. Ndizi ni nzuri kwenye mkate au keki, kitu kinachokaa ndani ya bati kinabanwa pembeni, lakini biskuti inayotakiwa isimame yenyewe na pembe zake, hapana.

La pili mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi kama 24 hivi, sasa Tanga mwezi wa tatu hata saa nane za usiku kuna nyuzi 24 kweli? Mchana tunapita 30 na jikoni umewasha oveni. Wenzako wa nchi za baridi wanaoandika hizo resipi, kwao mafuta ya nazi ni kitu kigumu kama sabuni wanakata na kisu, kwako yako kwenye chupa yanacheza. Ule unga uliusukuma ukiwa ushaanza kuyeyuka kabla haujauona moto. Na jamu ya nanasi ile ya dukani ikipata moto inachemka kama mchuzi, inasukuma kuta, kuta zenyewe laini, ndo ukapata vile vichapati. Resipi nyingi za simu pia zinatia bekingi pauda nyingi, vijiko viwili vya chai, biskuti inaumuka inajifungua yenyewe. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, tena cha kupangusa juu.

Ila mwanangu nikuulize, unahangaikaje na mbegu za popi na wewe umepanga kwenye mji wa nazi? Sisi hapa chakula cha vegani tumekula miaka yote hatukukipa jina. Mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, magimbi, viazi vikuu, maandazi ya tui, vitumbua, kashata, vyote hivyo ng'ombe hajasogea karibu. Maziwa tunayo, tena mengi, Tanga inasifika kwa maziwa, lakini ukiingia jiko la bibi yeyote wa Ngamiani cha kwanza utajikwaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Kwaiyo badala ya yai ni tui. Tui zito, lile la kwanza, kamua nazi moja kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, nusu kikombe hivi, chuja, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta juu limeganda kama malai, na hayo malai ndo unayoyataka, maji ya chini mtilie mtu mchicha. Malai yana mafuta, yana maji kidogo, yanashika unga vizuri, na hayaachi ladha ya kigeni kwa sababu hapa hamna mtu anayeona nazi ni ngeni.

Vipimo vyangu nimevijaribu mara mbili wiki iliyopita kwa ajili yako, mara ya kwanza nilitia chumvi mara mbili nikazila mwenyewe. Unga wa ngano vikombe viwili na nusu, kama una mizani ni gramu 320. Sukari nusu kikombe, iliyosagwa ikiwezekana. Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mafuta ya alizeti theluthi ya kikombe, malai ya nazi robo kikombe, juisi ya chungwa vijiko vitatu vya chakula na lile ganda la juu la chungwa ulikwangue ila usifike kwenye weupe, weupe ni mchungu. Chungwa la Muheza ukilipata ndo lenyewe, ukikosa ndimu na sukari uongeze kidogo. Changanya vya maji peke yake, mimina kwenye unga, ukusanye tu ushikane, usiukande kama wa chapati maana ukiukanda sana utavuta kama mpira na biskuti itarudi nyuma kila ukiisukuma. Ukiona mkavu ongeza juisi kwa kijiko, kimoja kimoja. Ufunge kwenye nailoni, ubonyeze uwe bapa kama chapati nene, friji saa moja.

Kujaza ndani, tende. Tende robo kilo, toa kokwa, ziweke kwenye sufuria na juisi ya chungwa moja, iliki mbili tatu za kusaga, moto mdogo, koroga na mwiko mpaka ziwe donge linaloachia sufuria. Hapo kuna kipimo changu, chota kidogo weka kwenye sahani uiinamishe, ikitiririka bado, ikikaa kama udongo iko tayari. Iache ipoe kabisa, ukitia ya moto umerudi kulekule kwa jana. Nilizopika mimi jamu ya tende haikumwagika hata moja, kwa sababu tende haina maji ya kumwaga.

Na usione tende ni kubahatisha, hata kwao Wayahudi wapo wanaojazia tende siku nyingi. Hizo mbegu za popi ndo za zamani, jina lenyewe kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya mashariki, lilikuwa mifuko ya popi, mon ni popi na tash ni mfuko, halafu kwa kuwa linafanana na Hamani likageuka mifuko ya Hamani. Kwa Kiebrania wanaziita masikio ya Hamani, ambalo mimi kwa kweli jina hilo silipendi mdomoni. Ukitaka kile kimbegumbegu cha popi, chukua ufuta, ukaange bila mafuta mpaka unukie, utwange nusunusu usiwe unga, sukari vijiko viwili na malai ya nazi kijiko ushikane. Tende ununulie Mgandini zikiwa za kupima, za boksi la maua bei yake ni ya boksi.

Halafu kuna kitu nimekisoma kwenye habari zenu kikanifurahisha, kwamba kwenye Talmudi, yale mafundisho ya marabi wenu wa kale, kuna mwanachuoni anayesema Esta alipokuwa ndani ya jumba la mfalme alikuwa anakula mbegu tu, asiguse vyakula vyao vilivyokatazwa. Sasa we hapo mbali na kwenu unakula mbaazi, una mwenzio.

Haya, kukunja. Sukuma unga katikati ya nailoni mbili, usinyunyize unga mwingine juu, unene wa milimita nne, kama sarafu mbili zimepandana. Kata duara kwa mdomo wa glasi, sentimita saba au nane. Katikati kijiko cha chai kimoja cha tende, na hiki kijiko kisiwe na kilima, najua mkono unawasha kuongeza, usiongeze. Hapa wengi wanabana tu pembe tatu kwa vidole na ndo zinazoachia. Fanya hivi, paka ukingo wote ule ugundi wa unga na maji, uleule tunaofungia sambusa, kunja upande wa kushoto uje ndani, wa kulia uje juu yake, wa chini upandishe, ncha yake moja ipite juu na nyingine uichomeke chini ya ule wa kushoto. Ni kama mtu anasuka ukili, kila upande umelaliwa na mwenzie, hata ukitaka kufunguka unafungukia wapi. Sambusa tunaifunga yote, hii unaiacha kidirisha katikati tende ionekane.

Zikishakunjwa usizipeleke kwenye moto. Nimesema usizipeleke! Trei nzima iingie friza dakika ishirini, ikiwa huna friza basi friji dakika arobaini, na muda huohuo ndo unawasha oveni ipate moto kweli, nyuzi 180. Watu wanakosea hapo, wanasubiri oveni huku biskuti ziko mezani zinatoka jasho. Zikitoka kwenye baridi zikaingia kwenye moto, nje inakauka kabla ndani haijalegea, na umbo linabaki. Kabla ya kuingiza zipake juu tui lenye sukari kidogo, ndo rangi yako hiyo badala ya yai. Dakika 12 mpaka 15, ukingo ukianza kuwa wa dhahabu toa, zitakuwa laini bado, ziache kwenye trei zijikaze. Zinatoka kama 25. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango, mara nyingi moto uliobaki unazimalizia kama zilishapita dakika nane.

Siagi za makopo nazo, jamani, someni nyuma. Ikiandikwa maziwa ya unga, whey, au casein, hiyo ina ng'ombe ndani hata kama mbele wamechora alizeti. Muuzaji hana kosa sana, naye hajasoma.

Una muda wa kujaribu maana mwakani Purimu yenu ni jioni ya tarehe 22 Machi mpaka tarehe 23 Machi 2027, na sisi tutakuwa tushamaliza Idi. Mwaka huu, mwaka jana na 2024 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani, mwezi mpevu mmoja, nyie mnasoma Esta sisi tunatoka tarawehe. Ila kalenda yenu huwa inaongezewa mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, yetu haiongezwi, ndo maana zimeachana. Kwaiyo mwakani ukipeleka sahani mtu anaweza kuila hapohapo mlangoni na akakwambia ukweli.

SWALI

Anti habari za kazi. Mwanangu ana miaka sita, mayai yanamdhuru, akigusa hata kipande cha keki midomo inavimba, daktari kasema asisogelee kabisa. Shuleni kwao mwisho wa muhula kila mtoto anakwenda na biskuti au keki wanagawana, yeye kila mara anarudi na pipi. Nataka safari hii yeye ndo apeleke biskuti wale wote. Oveni sina, nina jiko la mkaa na masufuria. Inawezekana?

Mama wa Dunda, Bagamoyo

JIBU

Inawezekana sana, mama, mkate wa kumimina tunauoka na nini kama si makaa juu na chini? Chukua vipimo hivyohivyo nilivyompa mdada wa Chuda hapo juu, havina yai hata la kunusa, ila za shule usikunje pembe, kata duara au nyota utamaliza kabla ya magharibi.

Sufuria kubwa nzito, chini mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha vidole viwili. Juu ya mchanga vijiwe vitatu, juu ya vijiwe sinia dogo linalopumua pembeni, lisibane sufuria. Funika, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, acha robo saa. Sasa usipime moto kwa mkono utaungua, nyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye kipande cha bati kiingize funika, anza kuhesabu taratibu. Ukifika hamsini unga ushakuwa mweusi, moto mkali, punguza chini. Ukifika mia bado mweupe, ongeza juu. Ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo weka biskuti zako, sita sita, usirundike. Chini huwa kunaungua haraka kuliko juu, kwaiyo kila unapoona moshi wa sukari toa makaa mawili chini. Mara ya kwanza utaunguza sinia moja, hiyo ni ya baba yao.

Na nikuombe kitu kimoja. Mwiko, bakuli, kile kichekecheo, vyote ulivyopigia mayai vioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla hujaanza, mtoto wa hivyo hahitaji yai zima. Ufuta usitie, nao una watoto unaowadhuru na hujui wa mwenzio ana nini. Mwambie mwalimu wake mapema. Kopo lenye mfuniko wa kubana, siku nne tano ziko salama, zaidi ya hapo na joto la Bagamoyo nazi inaanza kunuka.

SWALI

Asalam aleikum Anti. Nina jirani binti wa Kiganda, mpole, tumezoea kumpelekea futari. Mwezi wa mfungo akatuletea sahani ya vibiskuti, vimefunguka kama chaza lakini vina ladha nzuri ya nazi, wanangu walivimaliza kabla sijarudi tarawehe, mi nikapata kimoja. Nikawa nimepanga sahani yake nimrudishie na sambusa za nyama. Siku nakaanga, mwenye nyumba wake akapita akanambia yule dada hali nyama, hali maziwa, hali mayai, na ni Myahudi ana masharti ya vyakula vyake. Nikaishiwa nguvu. Anti, mwezi mzima mi nampelekea tambi za samli, na supu ya ng'ombe, na kuku wa kupaka, na yeye anapokea kwa mikono miwili anasema asante mama. Alikuwa anazipeleka wapi? Sasa sahani yake ninayo ndani, kuirudisha tupu siwezi, na cha kuiwekea sikijui. Nikimwona naona aibu naingia ndani. Nimrudishie nini?

Mwenye Haya, Chuda

JIBU

Waaleikum salaam. Sitaji nyumba wala rangi ya geti, lakini nyie wawili mmeniandikia kwa kupishana siku mbili, na mmoja wenu anadhani biskuti zake zilitupwa jalalani. Huyo mdada ndo mwenye barua ya kwanza humu, uisome yote mpaka pale alipolia.

Supu aliipeleka wapi simjibii, mtamalizana wenyewe, ila najua mafundi wa bomba pale kazini kwao wanakula.

Sasa sahani. Cha kwanza angalia tarehe. Pasaka yao mwaka huu inaanza jioni ya tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 9, siku hizo kitu cha ngano kilichochachuka hawagusi wala hakikai ndani ya nyumba, kwaiyo maandazi, kaimati, mkate, vyote visubiri. Kama hii unaisoma zimeshapita, uwanja ni wako. Kaimati za maji na hamira ni sawa kwake ila usitie mtindi kama tunavyofanya wengine, na visheti ukaangie mafuta usiguse samli. Vitumbua sawa. Mbaazi za nazi sawa kabisa, na mchuzi wake usitie kile kimchemsho cha kuku.

Halafu kuna yale masharti ya Kiyahudi, kwa kuwa hali nyama wala maziwa mengi yanajifuta yenyewe, linabaki la vyombo, maana sufuria iliyopikia nyama kwa wengine wao ni tatizo. Wapo wanaobana sana na wapo wanaolegeza, na wa kujua ni yeye tu, muulize kama unavyomuuliza mgeni yeyote anakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Kwa kuanzia mpelekee kisichopitia sufuria yako, machungwa mazima, ndizi za kuiva, tende zikiwa nzima hazijapasuliwa. Juu yake weka kikaratasi, andika watoto wanauliza vibiskuti vingine lini, maana kwenye vyote ulivyoniandikia mimi hilo ndo sidhani umemwambia.

Akikwambia vyombo vyako havina neno, basi siku ya pili kashata. Nazi moja iliyokunwa, sukari kikombe, iliki, maji robo kikombe, koroga mpaka sukari ishike na nazi ianze kutoa mafuta, mimina kwenye sinia, kata zikiwa za moto. Mwite aje akate yeye, ana mkono mzuri wa pembe kuliko anavyojidhania.

Na hiyo sahani yake kabla hujaiwekea chochote ioshe kwa ndimu, kama hapa katikati ulishaipakulia papa.